Karata ya shaba iko na mutu

Catan ni muchezo wa meza. Klaus Teuber wa Ujerumani aliutosha mu 1995. Karata za mali ni 95: mbao, matofali, kondoo, ngano na madini, kila aina 19. Kusimamisha muji unalipa madini 3 na ngano 2.

Siye ba sendika tulichora karata upya kwa watoto wetu. Ngano ikakuwa mahindi, kondoo mbuzi, madini shaba. Bamoja walitaka tuchore kamyo tu. Tulikatala: tuliweka muchimbaji, na chini yake ulizo. Ana kontra? Alilipwa? Alirudi nyumbani? Mutoto anajibu mbele ya kujenga.

Sasa watoto wanauliza ba baba zao. Moja, mwenye hana kontra, alinyamaza. Kesho yake alifika ku sendika.