Kioo Kinachokataa Maji

Dawa ya kufukuza maji ni kimiminika kinachopakwa upande wa nje wa kioo cha mbele cha gari ili matone ya mvua yajikusanye na kuteleza badala ya kutandaa. Haipunguzi mvua wala haiongezi mwanga. Kinachobadilika ni namna maji yanavyokaa juu ya kioo, na badiliko hilo lina maana kubwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kutoka Malaba na Tororo hadi Busia na Masinya, ambako barabara za malori ya masafa marefu zinapita katika eneo lenye ngurumo nyingi.

Joto la mchana likikutana na unyevu wa Ziwa Victoria, mawingu hupanda haraka, na mvua nyingi hushuka alasiri au jioni. Katika miaka 10 kati ya 1967 na 1976, Tororo ilipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyoutia mji huo katika orodha za rekodi za dunia. Mvua ya namna hiyo haitoi onyo refu. Matone yake ni makubwa, tena huanguka saa ile giza linapoingia na malori yanayokuja upande wa pili yameanza kuwasha taa.

Kioo cha kawaida hupenda maji. Sehemu kubwa ya kioo ni silika, na uso wake umejaa viungo vya oksijeni na hidrojeni vinavyoyavuta maji. Tone likitua hulala bapa, huungana na jirani yake, na mwisho kioo chote hufunikwa na utando wenye mabonde na vilima vidogo. Kila kilima hupinda nuru kama lenzi. Mstari mweupe wa barabara huonekana ukicheza, na taa moja ya lori huchanua miale hadi mtembea kwa miguu aliye kando yake asionekane. Masizi ya dizeli na mafuta yanayorushwa na magurudumu huzidisha hali hiyo, kwa sababu hufanya maji yashike sehemu moja na kuachia nyingine.

Wataalamu hupima tabia hii kwa pembe inayofanyika pale ubavu wa tone unapogusa kioo, ikihesabiwa kutoka ndani ya maji. Kwenye kioo safi kisichopakwa kitu pembe hiyo kwa kawaida haifiki digrii 30, yaani tone limelala. Kwenye kioo chenye dawa hufika digrii 100 hadi 110 hivi, na tone huketi kama shanga. Mfano ulio bora kuliko dawa yoyote unaota mabondeni: jani la nduma. Maji yakimwagiwa juu yake hujiviringa na kuanguka, na jani hubaki kavu, kwa kuwa pembe yake hupita digrii 150. Jani hilo lina nta, na juu ya nta lina vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoshika hewa chini ya tone. Kioo cha gari hakiwezi kuiga jani hilo kwa urahisi. Vinundu hutawanya nuru na kufanya kioo kiwe na ukungu, na waipa ingevisaga kwa siku chache. Kwa hiyo dawa za madukani hutegemea kemia peke yake.

Kemia hiyo ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni silikoni iliyochanganywa na spiriti na asidi kidogo. Asidi huisaidia silikoni kushikana na vile viungo vya oksijeni na hidrojeni, hata uso uliokuwa ukiyavuta maji ukafunikwa na utando usioyataka. Dawa ya namna hii inayojulikana zaidi, Rain-X, ilitengenezwa na Mmarekani Howard Ohlhausen na kuingia sokoni mwaka 1972. Aina ya pili hutumia viambato vyenye florini, ambavyo hushika kioo kwa nguvu zaidi na kudumu zaidi, lakini bei yake iko juu.

Shanga za maji peke yake hazimsaidii dereva. Ni lazima ziondoke. Kinachoziondoa ni upepo wa mwendo. Kwenye gari dogo lenye kioo kilicholala, matone huanza kupanda na kukimbia gari likifika kilomita 60 kwa saa au zaidi kidogo. Nchini Kenya malori na magari ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mijini kikomo ni 50. Hivyo dawa hufanya kazi vizuri kwenye barabara iliyo wazi, na hulegea kila gari linapopunguza mwendo kwa ajili ya matuta, soko au mashimo. Lori lina tatizo la ziada: uso wake umesimama wima, upepo huugonga na kugawanyika, na katikati ya kioo matone hubaki yakitetemeka mahali pamoja. Kwenye foleni ya Malaba, ambako gari husogea hatua chache kisha likasimama, kioo chenye dawa hujaa vishanga visivyokwenda popote. Hapo waipa ndiyo mkombozi. Waipa nzima ni sharti la usalama kwa gari lolote, liwe na dawa au lisiwe nayo.

Usiku barabarani faida ya dawa huonekana zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipolinganisha vioo vilivyopakwa na visivyopakwa chini ya maji, waliona kuwa watazamaji walitambua vitu vidogo zaidi na kwa haraka zaidi kupitia kioo chenye dawa. Kwa dereva, nukta chache za muda zilizookolewa ni mita kadhaa za barabara kabla ya kukanyaga breki.

Madereva wa zamani wana mbinu nyingine: waipa ikifa njiani, hupasua sigara na kusugua tumbaku kwenye kioo kilicholowa. Wengine hutumia kiazi kibichi au sabuni. Mbinu hizi hufanya kazi kwa kanuni iliyo kinyume. Hazifukuzi maji, huyafanya yatandae kuwa utando mwembamba ulio sawasawa, ambao haupindi nuru sana. Mvua ikiendelea utando huo huoshwa upesi, kwa hiyo ni msaada wa kumfikisha mtu kituo cha karibu tu. Kupaka mafuta ya taa au dizeli ni kosa, kwani huacha grisi inayomeremeta kwenye taa za usiku. Kanuni ya kutandaza, hata hivyo, inafaa kwenye vioo vya pembeni. Upepo hauvipigi usoni, kwa hiyo shanga za maji hukaa palepale na kuficha boda boda inayopita ubavuni.

Boda boda wenyewe wanahitaji tahadhari ya pekee. Kazi hiyo ilianzia mpaka huu huu, kwa baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo kimoja cha mpakani na kingine, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Leo mwendeshaji wa pikipiki hutazama barabara kupitia kioo cha helmeti, ambacho si kioo bali ni plastiki. Dawa ya silikoni haikishiki kama inavyoshika kioo, na spiriti au asidi iliyomo inaweza kukitia ukungu au nyufa. Inayofaa ni ile iliyoandikwa wazi kwenye chupa kuwa ni ya plastiki.

Sehemu kubwa ya kazi ya kupaka ni kusafisha. Kioo huoshwa kwa sabuni, kisha wadudu waliogandamana, utomvu wa miti na lami husuguliwa mpaka viondoke. Kipimo ni rahisi: kikimwagiwa maji, kioo safi hutandaza maji bila mapengo. Pakibaki sehemu inayoyakusanya, uchafu au dawa ya zamani ingalipo. Kioo kikaushwe kabisa na kupanguswa kwa spiriti. Gari liwe kivulini na kioo kiwe cha baridi, kwa maana kwenye jua dawa hukauka kabla haijashika. Hupakwa kwa kitambaa kwa mizunguko midogo, huachwa dakika chache mpaka ukungu mweupe ujitokeze, kisha husuguliwa kwa kitambaa kikavu hadi kioo king'ae. Mkono wa pili huongeza uimara. Kwa kuwa spiriti hushika moto, kazi hufanyika mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko.

Dosari zinazojitokeza mara nyingi zina sababu zake. Waipa ikiruka na kukwaruza, ama dawa haikusuguliwa vya kutosha, ama mpira wa waipa umechoka. Ukungu mwepesi unaobaki kila waipa inapopita ni vitone vidogo mno, na hupeperuka gari likishika mwendo. Ukungu wa upande wa ndani ni jambo lingine kabisa: hutokana na pumzi na nguo zilizolowa, na dawa yake ni hewa kavu kutoka kwenye kipoza hewa au dirisha lililofunguliwa kidogo. Mikwaruzo ya zamani nayo haiponywi na dawa yoyote.

Dawa ya silikoni hudumu wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu, na ya florini huweza kufika miezi sita. Adui wake mkubwa ni vumbi la murram likiburutwa na waipa kavu, kwani husaga dawa na kioo pamoja. Kwa sababu hiyo kioo hunyunyiziwa maji kabla ya kuwasha waipa. Wakati unaofaa kupaka ni Februari, kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na tena Agosti kabla ya msimu wa pili. Dalili ya kuisha ni matone kuanza kulala bapa, kwanza kwenye tao ambalo waipa hupita kila siku.