Farasi wa Fimbo: Ushonaji Wake na Matumizi Yake Darasani

Mtoto mdogo akipata fimbo, hakawii kuipanda. Huipitisha katikati ya miguu yake, akaishika ncha moja, akakimbia nayo huku akiiamuru iende au isimame. Mtoto wa pwani hufanya hivyo kwa upongoo wa mnazi, na mwenzake wa bara kwa bua la mtama au kwa ufito. Hakuna aliyemfundisha. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuuendeleza mchezo huo kwa kuishonea fimbo kichwa cha kitambaa, na jinsi awezavyo kumtumia farasi huyo katika kufundisha. Aidha, tutaonyesha kwa nini farasi huyo hana budi kuwa imara kwanza, na mzuri baadaye.

Maana ya mchezo huu

Mchezo wa kupanda fimbo ni wa kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia habari za Agesilaus, mfalme wa Sparta wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambaye alionwa na rafiki yake akicheza na watoto wake nyumbani hali amepanda fimbo. Mfalme alimwomba rafiki huyo asimwambie mtu yeyote mpaka na yeye awe na watoto. Huko Uchina nako watoto walipanda mianzi tangu zamani za kale.

Hata hivyo, sisi walimu tunauangalia mchezo huu kwa sababu nyingine. Katika mhadhara alioutoa Leningrad mwaka 1933, mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza kuwa kwa mtoto mchanga kitu na maana yake havitengani. Katika mchezo wa kuigiza ndipo mtoto anapoanza kuvitenga: maana ya farasi hutoka kwa farasi mwenyewe ikahamia katika fimbo. Jambo hili si dogo. Mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa akubali kuwa alama iliyoandikwa ubaoni inasimama badala ya sauti, na kwamba tarakimu 5 inasimama badala ya maembe matano ambayo hayapo mbele yake. Mtoto aliyezoea kuiona fimbo kama farasi amekwisha kuanza kujifunza kazi hiyo.

Vygotsky aliongeza jambo ambalo mwalimu asilisahau. Si kila kitu kinaweza kuwa farasi. Kadi ya posta haiwezi kuwa farasi kwa mtoto, kwa kuwa haipandiki. Kinachoifanya fimbo kuwa farasi ni kule kupandwa kwake. Kichwa cha kitambaa huupamba mchezo na kuurefusha, lakini hakichukui mahali pa tendo lenyewe.

Hapa ndipo ilipo kasoro tunayoiona mara kwa mara wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hutengeneza kifaa cha kupendeza, akakitundika ukutani, kisha akawakataza watoto wasikiguse kisije kikachafuka. Mkufunzi anayekuja kumpima hukisifu, na alama hupatikana. Watoto hawakupata kitu. Farasi asiyepandwa si farasi, hata kama ameshonwa kwa hariri.

Farasi au punda?

Katika sehemu nyingi za Afrika ya joto farasi ni wachache, kwani mbung'o na maradhi ya farasi yamezuia wanyama hao wasienee. Mtoto wa Dodoma au wa Arusha huenda hajapata kumwona farasi, lakini punda aliyebeba maji humfahamu vema. Hali kadhalika huko Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa magari, punda ndiye mchukuzi wa kila siku. Kwa hiyo yafaa mwalimu awaulize watoto kwanza wanataka kumpanda mnyama gani. Kiolezo ni kile kile. Farasi ana masikio ya sentimita 8 na manyoya marefu shingoni. Punda ana masikio ya sentimita 14 na manyoya mafupi yaliyosimama.

Vifaa

1. Kitambaa kizito kama khaki, marekani au suruali kuukuu ya jinzi. Nusu mita yatosha.
2. Fimbo iliyonyooka na kukauka, yenye unene wa sentimita 2.5. Urefu hupimwa kwa mtoto mwenyewe: ikisimamishwa chini ifike kwapani pake. Kwa mtoto wa darasa la kwanza huwa kati ya sentimita 80 na 90.
3. Sufi iliyotolewa mbegu, au makombo ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani.
4. Nyuzi za sufu zilizofumuliwa katika sweta kuukuu, kwa ajili ya manyoya ya shingo.
5. Uzi imara wa kushonea, sindano, mkasi, chaki, kisu, msasa, kamba nyembamba ya katani na gazeti la zamani.

Sufi ni nyepesi, na kichwa kilichojazwa sufi hakiichoshi mikono ya mtoto. Lakini sufi hupeperuka na kuwasha pua, tena hushika moto upesi. Kwa hiyo ijazwe mahali pasipo na upepo, na farasi asiwekwe karibu na jiko. Makombo ya vitambaa ni mazito zaidi, ila hupatikana mahali pengi. Yakatwe vipande vidogo vidogo ili yasifanye mabonge.

Kukata

Chora juu ya gazeti mstatili wenye kimo cha sentimita 35 na upana wa sentimita 28. Ndani yake chora kichwa kilichotazama upande mmoja. Shingo chini iwe na upana wa sentimita 14. Kisogo kipande kwa mviringo mpole. Paji literemke hadi puani. Pua iwe nene ya sentimita 10, tena ya mviringo. Kisha taya lirudi mpaka shingoni. Vipimo hivi vimekwisha kuhesabu sentimita 1 ya mshono pande zote.

Kunja kitambaa pande zake za nje zikiwa zimetazamana, weka kiolezo juu, zungushia chaki, kisha kata matabaka yote mawili kwa pamoja. Kwa njia hii utapata upande wa kushoto na upande wa kulia. Mwanafunzi anayekata vipande viwili kimoja baada ya kingine bila kukigeuza kiolezo hupata pande mbili za kushoto. Mwalimu asikimbilie kumsahihisha. Amwache aviweke pamoja aone mwenyewe. Hapo somo la ulinganifu limekwisha kueleweka. Mwisho, kata vipande vinne vya masikio.

Kushona

Kwanza, shona macho na matundu ya pua kwa uzi wa rangi wakati kitambaa kingali bapa. Tusitumie vifungo kwa macho, kwa sababu kifungo kikichomoka mtoto mdogo huweza kukitia mdomoni kikamkaba.

Pili, shona masikio mawili mawili, yageuze, kisha laza kipande kimoja cha kichwa upande wa nje ukiwa juu. Panga masikio na nyuzi za manyoya kwenye ukingo wa kisogo, ncha zake zikielekea ndani ya kitambaa. Funika kwa kipande cha pili, pande za nje zikitazamana. Mwanzoni wanafunzi hustaajabu kuona manyoya yanafichwa ndani. Yakishashikwa na mshono, kichwa kikigeuzwa yatatokea nje yenyewe.

Tatu, piga bandi kuzunguka kichwa chote isipokuwa chini ya shingo. Baada ya hapo shona mshono wa kurudi nyuma, yaani kila sindano irudi nusu ya hatua kabla ya kwenda mbele. Bandi peke yake haifai hapa, maana uzi ukikatika mahali pamoja mshono mzima hufumuka. Mshono wa kurudi nyuma ukikatika, hufumuka kidogo tu. Penye kisogo na masikio rudia mara mbili, kwani hapo ndipo mtoto atakaposhika.

Nne, ondoa bandi. Penye kona iliyoingia ndani, kati ya taya na shingo, kata vijialama vifupi visivyogusa mshono, ili kitambaa kisijikunje. Kisha geuza kichwa.

Kujaza na kufunga fimbo

Farasi wengi wa fimbo huharibika mahali pale pale: kichwa huzunguka au huchomoka. Sababu ni kwamba fimbo laini imefungwa kwa kamba tu, na kamba imekosa mahali pa kushika. Dawa yake ni hii. Piga fimbo msasa mpaka isiwe na vibanzi, na zungushia ncha zote mbili mviringo. Kisha pima sentimita 23 kutoka ncha ya juu, uchonge kwa kisu mfuo mwembamba unaoizunguka fimbo. Viringishia ncha ya juu kitambaa mara kadhaa na ukifunge, isije ikatoboa kichwa.

Jaza pua kwanza, ukishindilia kwa mpini wa mwiko, kisha taya na paji. Ingiza fimbo sentimita 24, endelea kujaza pande zote za fimbo mpaka shingo iwe ngumu. Kunja pindo la sentimita 2 kuelekea ndani ya shingo, pitisha kamba ya katani kwa mshono wa bandi katikati ya pindo hilo, uivute mpaka kamba iingie katika mfuo, uzungushe mara nne na kufunga fundo. Shika fimbo kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu. Kichwa kisipotikisika, kazi ni njema.

Hatamu ishonwe kwa utepe kwenye mashavu yote mawili, nayo iwe fupi, isizidi sentimita 30. Kitanzi chake kisiweze kupita kichwani mwa mtoto na kuingia shingoni.

Matumizi darasani

Kazi ya kushona tunapendekeza ifanywe na wanafunzi wa madarasa ya juu kwa ajili ya wadogo zao wa darasa la awali na la kwanza. Waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, wa mwaka 1967, ulitaka kazi ya mikono iungane na masomo; hapa mwanafunzi hushona kitu ambacho kesho yake atamwona mtoto akikipanda. Wavulana nao washone. Mafundi cherehani wengi wa mitaani kwetu ni wanaume, kwa hiyo anayewacheka hana hoja. Sindano zihesabiwe zinapogawiwa, na zihesabiwe tena kabla ya mwanafunzi yeyote kutoka.

Kwa watoto wadogo, darasa la watoto 40 laweza kutumia farasi 10. Kila kikundi cha wanne kiwe na farasi mmoja, na wanaosubiri zamu wasikae bure: mmoja awe mchungaji, wa pili mganga wa mifugo, wa tatu mwuza majani. Ndipo mazungumzo yatakapozaliwa. Mganga atauliza mnyama anaumwa wapi, mwuza majani atataja bei, na mpandaji atatafuta maneno ya kujibu. Mwalimu wa lugha hapati kipindi bora zaidi ya hicho. Katika hesabu, watoto walinganishe fimbo ndefu na fupi, wapime hatua za farasi kutoka mlangoni hadi mtini. Katika michezo, watii amri za kwenda, kusimama, na kugeuka kushoto na kulia.

Mwalimu awe pembeni. Mtoto akisema kuwa farasi wake sasa ni pikipiki, asisahihishwe. Maana imehama tena, na kuhama huko ndiko tunakokutafuta.

Utunzaji na upimaji

Farasi akichanika, ashonwe mbele ya mtoto aliyemleta, naye ashike uzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena mtoto anayeona kitu kikirekebishwa hujifunza kuwa kilichoharibika si lazima kitupwe.

Wakufunzi na wanachuo, tubadili namna ya kukipima kifaa hiki. Siku ya kwanza tuangalie mshono, ulinganifu na kifundo cha shingo. Baada ya mwezi turudi darasani tukiangalie tena. Tukimkuta farasi yu safi, nyuzi zake zimelala vema na kitambaa chake hakina hata doa, tuulize watoto walikatazwa nini. Tukimkuta ana vumbi, sikio lina kiraka na fimbo imeng'aa kwa kushikwashikwa, hapo tumpe mwalimu alama zake zote.