Je, Wajua? Mtoto wa Mlevi na Chupa ya Baba

Je, wajua kwamba uraibu hurithiwa, ila kwa sehemu tu? Tafiti za mapacha zinakadiria kuwa karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kunaswa na pombe inatokana na urithi. Sehemu iliyobaki ni mazingira: nyumba, mtaa, marafiki, na yaliyompata mtu akiwa mdogo.

Je, wajua damu ilitenganishwaje na malezi? Donald Goodwin na wenzake walichunguza wanaume wa Denmark waliochukuliwa wakiwa wachanga na kulelewa na familia nyingine. Matokeo yalitoka 1973: kati ya waliozaliwa na mzazi mlevi, 18 katika kila 100 walikuwa walevi; kati ya wenzao waliozaliwa na wazazi wasio walevi, 5. Wengi huishia hapo na kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hebu rudia hesabu: 82 katika kila 100 hawakufikia ulevi huo. Nimewasikia watu wazima wakisema mbele ya mtoto wa miaka minane, "Huyu atakuwa kama babake." Ni ukatili, na hesabu zenyewe zinawakana.

Je, wajua hakuna jeni moja ya ulevi? Utafiti wa 2019 uliohusisha watu wapatao milioni 1.2 ulikuta sehemu zaidi ya 400 za vinasaba zinazohusiana na uvutaji sigara na unywaji.

Na zipo jeni zinazokinga. Wachina, Wajapani na Wakorea wengi, wakinywa kidogo tu, uso huiva, moyo huenda mbio, kichefuchefu hufuata. Miili yao haiwezi kuivunja haraka sumu inayotokana na pombe, kwa hiyo ni wachache miongoni mwao wanaokuwa walevi.

Je, wajua kilichogunduliwa San Diego, Marekani? Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao: ulipigwa? Ulinajisiwa? Mama alipigwa mbele yako? Kulikuwa na mlevi nyumbani, au mtu aliyefungwa jela? Ripoti yao ya 1998 ilionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 ya wasiopitia lolote. Mtoto anayelala akisikiliza mlango utafunguliwaje usiku, mwili wake haupumziki. Akikua, kitu cha kwanza kitakachomtuliza atakishika kwa mikono miwili.

Je, wajua kuanza mapema ni hatari? Nchini Marekani, walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walionekana kuwa na uwezekano wa kuwa tegemezi wa pombe takriban mara nne ya walioanza wakiwa na 20 au zaidi. Sasa mtazame mtoto anayetumwa kwa mama pima, muuza pombe: anarudi na chupa ya mnazi, njiani anaonja povu.

Lakini mazingira yanaweza kubadilishwa. Iceland, mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Nchi ikaongeza michezo na muziki, ikawataka wazazi wakae zaidi na watoto wao, ikazuia kuzurura usiku. Kufikia 2016 walikuwa 5. Damu yao ilikuwa ileile.

Basi jioni ya leo, mzazi mwenzangu, chupa yako kaifuate mwenyewe.