Mbele ya kutia mukono ku PV

Saa moja ya asubui, mama mumoja wa kambi alikuja kupiga hodi kwetu. Bwana yake alienda poste ya usiku na hakurudia. Walimukamata ku mulango wa mungodi, wakamupeleka ku buloko, juu kable ya shaba ilipotea ku depo.

Sisi wa sendika tulienda kule. Tulikuta PV imekwisha kuandikwa, na chini yake mukono wa ndugu yetu. Yeye alikuwa amesema kwa Swahili: « Nilipita ku depo kuomba gants, lakini kable siyakamata. » Ku PV waliandika kwa kifaransa: « Je reconnais avoir été au dépôt la nuit du vol. » Habari ya gants haikuwamo. « Siyakamata » nayo haikuwamo. Chini kabisa waliweka maneno yenye kufunga PV nyingi: « Lecture faite, persiste et signe. » Maana yake: wamenisomea, ninashika neno langu, ninatia mukono. Kweli walimusomea, lakini kwa kifaransa, na yeye kifaransa chake ni kile cha « bonjour chef ».

Wenzake wakatuuliza: « Kama hakuiba, alisinier juu ya nini? » Wandugu, muntu ametoka poste ya usiku, ana njaa, ana usingizi, wanamwambia: « Sinier, utarudia kwako. » Wangapi kati yetu wangekataa?

Njo maana tunaandika leo. Constitution ya 18 février 2006, article 17, inasema kila mushitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mupaka hukumu ya mwisho. Article 18 inasema muntu mwenye kukamatwa aelezwe palepale sababu na mashitaka kwa luga anayosikia. Tena ana haki ya kuonana palepale na jamaa yake ao avoka wake, na garde à vue isipite saa 48. Article 19 inasema avoka anaweza kuwa naye tangu mbele ya polisi, si paka siku ya tribunal. Basi, kama mashitaka inapaswa kuelezwa kwa luga yako, usione haya kuomba jibu yako nayo isomwe kwa Swahili mbele ya kutia mukono. Kama neno linapunguka, omba liongezwe. Kama wanakataa, usisinier.

Na kama umekwisha kusinier? Haiko mwisho. Katika mambo ya penal, aveu ni ushuhuda mumoja kati ya mingine. Juge anaipima pamoja na mengine: nani aliona, kable ilipatikana fasi gani, saa gani. Unaweza kusema mbele yake: « Neno hili si langu, » na kueleza namna ilivyoandikwa. Lakini sema mapema. Mwenye kungoja miezi sita, watasema alifundishwa.

Neno lililotolewa kwa fimbo nalo ni bure. Inchi yetu iliingia katika Convention ya ONU juu ya kukataza mateso mwaka 1996, na article 15 yake inakataza kutumia neno kama lile juu ya mwenye kuteswa. Tangu sheria ya 9 juillet 2011, kutesa muntu ni kosa la kufungwa. Mwenye alama ku mwili aonyeshe munganga mbele zipone, na aombe karatasi.

Kuna mutego mwingine, na huu unakamata wengi wetu: demande d'explication. Kompani inakuandikia barua. Rafiki anakushauri: « Andika tu unaomba pardon, chef atasikia huruma. » Unaandika « je demande pardon » kwa kosa ambalo hukufanya. Kesho barua ile inatoka ku dossier: umekiri faute lourde. Ukikosa kweli, sema kweli na ueleze namna ilivyokuwa. Kama hukukosa, usiombe pardon ya kulinda mukate, inaweza kuuondoa. Jibu kwa maneno machache, weka tarehe, chunga copie, na mbele ya kuipeleka onyesha délégué wenu.

Na neno unalosema mbele ya juge katika kesi ya kazi lina uzito zaidi. Sheria ya mikataba ya 30 juillet 1888, ambayo tungali nayo, inasema aveu ya pale inashika mwenye kuisema, na hawezi kuirudisha paka akionyesha kwamba alidanganyika juu ya jambo lenyewe. Lakini sheria ileile inakataza kuikata vipande: hawawezi kukamata « nilipita » na kutupa « siyakamata ».

Ndugu yetu, ku tribunal, avoka aliomba PV isomwe kwa Swahili. Alisikia, akashangaa, akasema neno lake lote. Hakukuwa shahidi, na kable haikupatikana kwake. Alitoka. Lakini kazi haijarudia: kompani ilimufukuza kwa karatasi ileile. Tulienda kwa inspecteur du travail kwa conciliation, ikashindikana. Sasa tuko tribunal du travail, na mama watoto anauza makala ku barabara.

Wamama, ninyi njo wa kwanza kujua kama bwana hakurudia. Andikeni saa aliyokamatwa, hesabuni saa 48, mwiteni délégué siku ileile. Mwambieni bwana leo, angali ku meza: asitie mukono ku neno asilosikia.