Kwa baiskeli Iringa hadi Nyasa: Niliyoyaona nje ya lori la viazi

Na Mwandishi Wetu, Mbamba Bay

SAA 10 jioni ya siku ya 11, baiskeli yangu ilifika mahali ambapo haikuweza kuendelea. Mbele kulikuwa na mchanga, na baada ya mchanga Ziwa Nyasa. Hapa Mbamba Bay ndipo nilipopanga kuishia tangu nilipoondoka Iringa mjini mwanzoni mwa Juni, zaidi ya kilometa 600 nyuma.

Hakuna aliyenipokea. Akinamama waliokuwa wakianua dagaa waliniangalia, mmoja akauliza, “Baba, umeleta nini?” Alikuwa na haki ya kuuliza. Huku mtu mzima mwenye mzigo nyuma ya baiskeli ni mfanyabiashara, na kusema kweli mimi nilikuwa mfanyabiashara.

Kwa miaka kadhaa nilinunua viazi mviringo Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam. Barabara ile niliijua usiku tu, nikiwa nimesinzia kando ya dereva. Biashara ilipokufa (madeni, na mzigo mmoja ulioozea njiani), kuna jambo lilibaki likinisumbua. Sikuwahi kukanyaga shamba la mkulima hata mmoja niliyenunua viazi vyake. Dalali alinikusanyia, mimi nikapakia. Ndiyo maana niliamua kuirudia njia ile peke yangu, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuamkiana na watu, kisha niendelee mpaka barabara iishe.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba, nyeusi, haina gia, breki zake za vyuma, lakini keria yake imara. Nilibeba tyubu mbili, pampu, spana, viraka na solusheni, shuka na sweta. Sweta ndiyo iliyonifaa kuliko vyote, maana Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Juni haina huruma na mtu.

Kipande cha Iringa hadi Makambako sikukifurahia. Ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori yakipishana, mwenye baiskeli ndiye anayetafutiwa nafasi kwenye majani. Nilikuwa naondoka alfajiri na kusimama kabla jua halijapungua. Nilipita misitu ya Sao Hill, misindano na mikaratusi isiyokwisha, nikalala Mafinga, kesho yake Makambako, mji unaokutanisha barabara ya Songea, barabara kuu na reli ya TAZARA.

Panchari nilipata nne mpaka hapo. Wala sikuhangaika, kwani karibu kila njia panda ina fundi chini ya mti, na beseni la maji la kutafutia tundu. Anayetafuta biashara ya mtaji mdogo aanze kwa kukaa nusu siku karibu na fundi wa namna hiyo ahesabu wateja.

Kilometa sita za mwisho

Siku ya nne niliiacha lami nje ya mji wa Njombe nikashika njia ya vumbi. Baada ya salamu za “kamwene” zisizohesabika, nilikutana na kijana akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi limelazwa juu ya keria. Gunia lilikuwa na nundu iliyoshonwa kwa kamba. Wasomaji wa kurasa hizi wanaijua: lumbesa.

Kutoka shambani hadi lami, alisema, ni kilometa sita. Nilimsaidia kusukuma. Kwenye mlima wa kwanza niliomba tupumzike, yeye hata jasho lilikuwa halijamtoka. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo miaka yote ya biashara sikulijua: mbebaji hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia la kawaida na gunia lenye nundu, malipo yake ni yale yale.

Mkulima najua anavyoumia. Chukua mfano tu. Mmekubaliana Sh70,000 kwa gunia. Likiwa na kilo 100, kilo moja umeiuza Sh700. Likishindiliwa na kushonewa nundu mpaka kilo 130, kilo ile ile umeiuza kama Sh538. Kilo 30 zimeondoka bure, na kwa bei yako ya Sh700 hizo ni Sh21,000 kwa kila gunia. Mwenye magunia 20 ameacha Sh420,000 kwenye lori la mtu mwingine, na ameshukuru kwa kununuliwa.

Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao lizidi kilo 100. Lakini sheria hukaa mjini, gunia hushonwa shambani. Mkulima akikataa nundu, dalali anahamia kwa jirani, na viazi havingoji. Vikikaa juani vinakuwa vya kijani, vikinyeshewa vinaoza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa hesabu hii. Sikuwahi kumwambia dalali ashone lumbesa. Nilimwambia tu gharama za lori zimepanda, yeye akaelewa.

Tulipofika kituoni kulikuwa na magunia kama 15 na hakuna mizani. Wakulima watatu waliokuwapo walisema wanajadiliana kuchanga wanunue moja ya pamoja, lakini wana wasiwasi kwamba wanunuzi watakipita kituo chao. Waliniuliza, kwa kuwa niliwahi kununua, kama ningesimama mahali penye mizani. Nilijibu kwa ukweli: peke yake kituo kimoja ningekipita. Vituo vyote vya njia ile vikiwa na mizani, ningesimama, maana Dar es Salaam ningerudi na nini? Sikuona kama jibu liliwafurahisha.

Kutoka Njombe kwenda Songea ni kama kilometa 240. Kipande hiki nitakieleza kwa ufupi kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nikitazama tairi la mbele. Lukumburu nilitembea kwa miguu. Madaba nililala kama gogo. Songea nilipumzika siku nzima, nikabadilisha mnyororo.

Mashimo ya Wamatengo

Baada ya Songea nilishika njia ya Mbinga, kilometa 100 hivi, na huko nilisimama mara nyingi kuliko miguu ilivyohitaji. Milima ya Umatengo imesimama kama ukuta, na bado inalimwa. Kwa mbali shamba linaonekana kama sega la nyuki. Hayo ni mashimo ya ngoro.

Kwa mkulima asiyeyafahamu, kazi yake ni hivi. Mvua za masika zikikaribia mwisho, Machi, majani yaliyoota shambani hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana mpaka yanatokea maumbo ya miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani yale. Panabaki shimo katikati na matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata zamu ni ya mahindi. Mvua ikinyesha maji hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, na majani yaliyozikwa yanageuka mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, wanawake huchimba na kufukia. Niliposhika jembe kidogo niliona zamu ya nani ni nzito.

Niliwakuta waking'oa maharage, na kwenye mibuni cherry nyekundu zilikwishaanza kuchumwa. Miteremko kama ile nimeiona kwingine ikiwa imebaki mawe matupu. Nikiwa ndani ya lori ningesema ni mashamba tu.

Kutoka Mbinga hadi ziwani ni kilometa 66, siku hizi lami, na mwishoni njia inateremka kweli kweli. Hapo baiskeli ilitaka kunimaliza. Raba za breki zilikuwa zimekwisha nami sikuwa nimeziangalia tangu Songea. Kwenye kona moja nilikanyaga chini kwa viatu vyote viwili, nikaishia kwenye majani, goti limechubuka. Kilometa zilizobaki za mteremko nilizitembea nikiishikilia baiskeli kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akipanda alinipa pole bila kusimama. Akisimama na mzigo ule, kuanza tena ni kazi.

Huyo ndiye niliyekutana naye tena kesho yake ufukweni, nikitafuta mnunuzi wa baiskeli, maana nauli ya kurudi nayo ndani ya basi ingenila. Aliizunguka. Akapiga njiti moja moja kwa kidole akisikiliza. Akabonyeza matairi, akainua nyuma akazungusha pedeli, akaonyesha breki bila kusema neno. Nilitaja bei. Akataja nusu yake. Tulipokaribiana akasema analipa, ila pampu na spana ziwe humo humo, na zile tyubu mbili.

Nikamwambia hiyo sasa ni lumbesa.

Akacheka, akahesabu fedha, akafunga pampu kwenye keria.