Kabla ya Lamu kuuza kaboni, tuangalie Gazi

Kila biashara ya kaboni inapotajwa kwenye vibaraza vyetu, swali ninaloulizwa ni lilelile: hewa inauzwaje? Watu wana haki ya kushuku. Huku Pwani wamekuja wengi na makaratasi yao.

Jibu liko Gazi, Kaunti ya Kwale. Mwaka 2013 wakazi wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na watafiti wa KMFRI wenye kituo papo hapo kijijini, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja katika hekta 117. Si msitu mkubwa. Lakini mkoko huvuta hewa ya kaboni na kuizika, hasa kwenye tope la chini yake. Ukikatwa, tope likabaki wazi, kaboni hiyo hurudi angani. Kinachouzwa basi ni kazi ya kupanda na kulinda, iliyopimwa kwa kiwango cha Plan Vivo: takriban tani 3,000 kwa mwaka. Wanunuzi wa ng'ambo hulipa kupitia shirika dogo la ACES lililoko Uskoti.

Pesa hizo zimeleta maji ya bomba, zikanunua vitabu na kukarabati madarasa. Kwa maoni yangu hapo ndipo kundi lilipopata nguvu. Mama akichota maji karibu na nyumbani, hahitaji semina kuelezwa faida ya mkoko.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulisahau. Watu bado wanajenga na kupika. Ukiwakataza boriti na kuni bila kuwapa badala yake, wataingia msituni usiku. Gazi walipanda mivinje ili miti ya kujengea ipatikane nje ya mikoko.

Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha wao, katika msitu mkubwa kuliko wa Gazi mara kadhaa.

Sasa macho yako Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Huko boriti ni riziki ya watu, na marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliwaumiza vibaya. Tena mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuuza chochote bila mkataba na Shirika la Misitu, KFS.

Sheria ya 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa miradi ya ardhini. Anayekuja na karatasi aulizwe hiyo asilimia 40 inahesabiwa kabla au baada ya gharama zake. Halafu aulizwe mkata boriti atakula nini mwaka wa kwanza, kabla hata shilingi moja haijaingia.