Nyepesi Kiunoni, Kali Mkononi

Kwenye meza ya uwanja wa shabaha nchini Marekani ziko rivolva mbili ndogo. Ya kwanza ni Smith & Wesson 642, yenye fremu ya alumini; ikiwa tupu ina gramu 410 hivi, haifikii hata nusu kilo ya sukari. Ya pili ni Ruger SP101 ya chuma cha pua, gramu 730 hivi. Zote hubeba risasi tano, mitutu yake ni mifupi kuliko kidole cha shahada, na zote hufichika kiunoni chini ya shati pana. Mnunuzi akizishika dukani, huipenda ile nyepesi papo hapo. Akishazifyatua zote mbili, wengi hubadili mawazo.

Sababu iko katika kanuni ya tatu ya Newton: kila msukumo una msukumo wa kuujibu. Risasi ya .38 Special hutoa kichwa cha risasi chenye gramu 10 hivi, ambacho kikitoka kwenye mtutu mfupi huenda kwa mwendo wa karibu mita 200 kwa sekunde. Kinapokwenda mbele, bastola hurudi nyuma. Kwa hesabu ya haraka, ile ya alumini hurudi kwa karibu mita 5 kwa sekunde na ile ya chuma kwa karibu mita 3. Risasi ni ileile, lakini nishati inayoingia kiganjani kutoka kwa bastola nyepesi inakaribia mara mbili. Mpini mdogo huzidisha maumivu, maana teke lote huangukia eneo dogo la ngozi, hasa kati ya kidole gumba na cha shahada.

Aina hii ya silaha ina historia ndefu. Mwaka 1950 Smith & Wesson waliionyesha Chief's Special kwenye mkutano wa wakuu wa polisi mjini Colorado Springs. Siri ya udogo wake ilikuwa kupunguza risasi kutoka sita hadi tano, ili silinda inayoshika risasi iwe nyembamba. Mpaka leo silinda ndiyo sehemu nene kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama silaha itatuna chini ya nguo.

Ufupi wa mtutu nao una gharama yake. Alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma zikiwa umbali wa sentimita 10, kosa la milimita 1 tu katika kuzilinganisha huipeleka risasi sentimita 7 pembeni kwa shabaha iliyo umbali wa mita 7. Alama hizo zikiwa umbali wa sentimita 20, kosa hilohilo huzaa nusu ya upotevu huo. Tena kifyatuo cha 642 huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi, zaidi ya mara kumi ya uzito wa bastola yenyewe. Kidole kinavuta, na bastola nzima inataka kukifuata.

Wepesi ukizidi huleta hitilafu ya ajabu. Abiria aliyesimama kwenye daladala huachwa nyuma gari linapoondoka kwa kishindo. Ndivyo inavyokuwa ndani ya silinda: bastola ikirudi nyuma ghafla, maganda ya risasi zilizobaki huenda nayo, lakini vichwa vizito hubaki palepale kwa inesha. Baada ya mateke kadhaa, kichwa kimojawapo huweza kuchomoza mbele ya silinda na kuizuia kuzunguka. Kwa hiyo risasi utakazobeba ndizo pia uzijaribu uwanjani.

Kuna njia ya kati. Rivolva iliyoundwa kwa .357 Magnum hupokea pia .38 Special, kwa sababu kipenyo ni kimoja na ganda la .38 ni fupi kidogo. Kinyume chake hakifai. SP101 ya .357 ikijazwa .38 huwa tulivu mkononi, na mtu anaweza kufanya mazoezi mchana mzima.

Mazoezi hayo yana adabu zake. Mlio wa rivolva fupi hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio kwa mlio mmoja, hivyo vaa vizibo vya masikio na miwani. Vidole visikaribie mwanya kati ya silinda na mtutu, maana gesi ya moto hutokea hapo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula: fataki nyingi za risasi zina madini ya risasi (lead). Nyumbani, bastola ikae ndani ya kisanduku cha kufuli. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, na kufuli humpa mtu aliyeelemewa muda ambao huweza kumwokoa.

Majimbo zaidi ya nusu nchini humo hayadai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Pale ambapo sheria haimpi mtu mtihani, ni juu yake kujipa mwenyewe. Viwanja vingi hukodisha silaha, basi kodi hizo mbili na ununue boksi moja la risasi 50 kwa kila moja. Mwombe mwenzako akujazie silinda kwa kuchanganya risasi na maganda yaliyokwisha tumika, bila kukuambia mpangilio. Nyundo ikiangukia ganda tupu, tazama mtutu. Ukizama chini ilhali hakuna kilicholipuka, mkono wako umeanza kuogopa teke kabla halijaja. Mwishoni shusha karatasi ya shabaha na ulinganishe matundu kumi ya kwanza na kumi ya mwisho. Chukua bastola ambayo matundu yake ya mwisho bado yamekaa pamoja, hata kama ndiyo iliyo nzito. Gramu 300 za ziada zitabebwa na mkanda wa suruali, lakini risasi iliyopotea hakuna wa kuirudisha.